Ajenda ya kwanza iwe kusoma

Nashona sare za shule hapa Ngamiani, Tanga. Kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari, benchi langu la nje halikosi wazazi: wa Makorora, wa Mwanzange, wa Duga, wengine wametoka Pongwe na daladala, vitambaa vya bluu mkononi. Mtoto anapimwa kiuno, mama anaongea. Maoni ya wazazi kuhusu shule za msingi yananifika bila kuyatafuta.

Kinacholalamikiwa zaidi ni michango. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, na ruzuku ya shule ikawa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 ziliwekwa kando kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo za kuendeshea shule. Pesa hiyo haitoshi hata sare moja. Kwa hiyo mzazi anaombwa ya uji, ya mlinzi, ya karatasi za mtihani, na anaponuna namwelewa. Mwalimu mkuu anayeomba namwelewa vilevile, maana chaki haziji kwa dua.

Ila michango imetumeza. Kwenye mkutano wa wazazi tunabishania mia tano ya uji tangu saa nne mpaka adhuhuri, na lile lililompeleka mtoto shule, kusoma, tunaliacha.

Alikuja mama mmoja na kijana wake wa darasa la tatu. Wakati namalizia kupinda suruali, akanionesha daftari la mtoto la Kiswahili. Mwandiko mzuri kwelikweli, herufi zimekaa kwenye mstari, vema nyekundu kila ukurasa. Nikamwambia, "Nisomee hapa, baba." Mstari wenyewe alikuwa ameuandika yeye: Wavuvi hurudi asubuhi na samaki. Akasoma, "Wavuvi wanavua samaki baharini." Amesema haraka, kwa sauti, macho yapo kwangu. Nikaweka kidole chini ya neno la pili. "Hu... hu..." Akamgeukia mama yake. Mama akasema, "Lakini mwandiko wake mwalimu anausifu."

Mtoto yule ni hodari. Ananakili ubaoni bila kukosea, na neno la kwanza akilijua analipata lililobaki kwa kukisia. Kusoma hajui. Na mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa mwaka 2015 makusudi, ili miaka hiyo miwili iwe ya KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Akifika la tatu masomo yanaongezeka, na kila somo lina kitabu cha kusomwa. Mwaka unaofuata anakutana na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Asiyesoma anaingia kwenye chumba kile kukisia tu.

Mwalimu simlaumu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Darasa la binti yangu wamezidi 80. Kipindi ni dakika 40. Hata akiacha kufundisha akawasikiliza tu mmoja mmoja, kila mtoto anapata nusu dakika. Namwona saa za kutoka amesimama mlangoni na kalamu nyekundu, watoto wamempangia foleni mpaka uani, anasahihisha juu ya goti. Sasa huyo atajua saa ngapi kwamba fulani anasema maneno ambayo hayapo kwenye ukurasa?

Sisi wa Tanga tunajua namna nyingine, na watoto wetu wengi wanaiishi kila jioni. Wakitoka shule wanakula, wanabadilisha nguo, wanakwenda chuoni, yaani madrasa. Kule kila mtoto anakaa mbele ya ustadhi peke yake na anasoma pale alipofika. Akikosea anarudishwa palepale, na kesho anaanzia hapo. Mzazi hata awe hajasoma darasa moja, akirudi mtoto magharibi anamuuliza, "Umefika wapi?" Na mtoto anajibu: bado nipo kwenye juzuu ndogo, au nimefika sura fulani. Nyumba nzima inajua. Shuleni swali letu ni "Umekuwa wa ngapi?" Wa 12 kati ya 80, tunafurahi, na hatujui kama huyo wa 12 anaweza kusoma karatasi ya dawa ya bibi yake.

Katika mkutano wa wazazi uliopita wa shule ya binti yangu (siitaji, na nasikia kwingine ni hivyohivyo), mzee mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono katikati ya hesabu za uji. Akasema mjukuu wake yuko la tatu na hajui kusoma, je, hilo litajadiliwa lini? Akajibiwa kwa heshima kwamba aliweke, litaingia kwenye mengineyo. Mengineyo ilipofika, mama wa samaki wameshakwenda sokoni Deep Sea, wa genge wamerudi kwenye magenge yao, na mzee mwenyewe hakuwepo.

Lile jibu liliniumiza, na linaniuma mpaka leo.

Ninachotaka ni kitu kidogo na hakina mchango. Mkutano ukifunguliwa, kabla ya hesabu yoyote, mwalimu wa kila darasa aseme watoto wangapi wanasoma habari fupi wenyewe na wangapi bado. Wenye watoto ambao bado, wabaki wazungumze naye, waambiwe mtoto amekwama wapi: kwenye silabi, kwenye maneno marefu, au haoni ubao. Na wa nyumbani tupewe kazi ya kumsikiliza, hata dada yake wa la sita anaweza. Uji tutaujadili baadaye na tutauchangia, na naamini tutauchangia kwa moyo zaidi.

Nimeshamfuata mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye naye ni mzazi kama sisi. Amesema mwalimu mkuu ndiye katibu na ndiye anayeandika ajenda, ila atampelekea. Wazazi wa darasa la tatu tumeambiana: siku ya mkutano kila mmoja aje na daftari la Kiswahili la mwanawe, na mwenye daftari awepo.