Kifuniko kinacheza: siku yangu moja kiwandani Tanga

Adhana za Ngamiani ndiyo saa yangu ya mezani. Chai ya rangi, bagia mbili, baiskeli. Saa kumi na mbili kasorobo napokea zamu. Wenzangu wa usiku wameshakausha mzigo kwa nyuzijoto 80, maana plastiki yetu, naironi yenye nyuzi za kioo, hunywa unyevu, na Tanga hatuna uhaba wa unyevu.

Saa moja hadi saa tatu mashine inafunga moldi (kalibu ya chuma), inasukuma ndani plastiki iliyoyeyuka, inafungua. Hakuna la kusimulia.

Saa tatu na robo akaingia mwenye oda ya vifuniko vya mota. Salamu nusunusu. Akachukua kifuniko kingali cha moto, akakilaza juu ya kioo cha meza, akabonyeza pembe. Tik. Pembe nyingine. Tik.

"Dada, hiki kinacheza kama benchi la mama ntilie. Mmeniwekea plastiki ya ndoo!"

"Kaka, subiri kipoe kwanza."

Hakusubiri. Nikatoa cha jana, kilichopoa usiku kucha, nikapitisha fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia mwanya, chini yake: milimita 1.2. Mchoro wake unaruhusu 0.5. Kwa kupinda, alikuwa na haki. Kwa ndoo, hapana. Nikamweleza: plastiki ikitiririka ndani ya moldi, nyuzi nyingi hulala kufuata mkondo, kama vijiti mtoni. Kwa urefu wa nyuzi inasinyaa kidogo, kwa upana inasinyaa zaidi, na kipande kinapindishwa na mvutano huo.

"Basi kiwekeeni tofali juu mpaka kinyooke."

Kitanyooka, nikamwambia, halafu joto la mota litakirudisha palepale.

Nikapima nyuso za moldi. Upande mmoja nyuzijoto 81, wa pili 103. Kumbe! Upande wa moto hupoa mwisho, hivyo huendelea kusinyaa wakati mwenzake keshaganda, na kifuniko kinajikunja kuelekea huko. Nikafungua mpira wa maji ya kupoza upande ule wa moto: maji yanachuruzika kama bomba la mtaani siku ya mgao. Ndani, ukoko wa chokaa umeziba njia. Tukasukuma maji yenye asidi ya limao, yakarudi ya kahawia, tukasukuma tena, na yeye kwenye stuli anapiga simu kwa sauti: "Bado wanakorogakoroga tu hapa."

Sijui ilikuwa saa ngapi tena. Mihogo yangu ya nazi ilishaganda kwenye bakuli. Mgongo ulianza kuniambia habari zake. Pande mbili zilipokaribiana joto, nikarudi kwenye muda wa kushikilia presha, yaani mashine kuendelea kusukuma plastiki baada ya moldi kujaa, huku kila kipande nakipima kwenye mizani: sekunde 8, gramu 212, sekunde 10, gramu 214, sekunde 12, ileile 214. Basi geti, mlango wa plastiki kuingia moldini, limeshaganda kwenye 10, zaidi ya hapo ni kupoteza umeme.

Vilipopoa: 0.6.

Hiyo iliyobaki ni ya nyuzi zenyewe. Dawa yake ni kuhamisha geti kutoka ubavuni hadi ncha moja, mkondo ufuate urefu wote, na hiyo ni kazi ya kuchonga moldi, kwa gharama yake mwenye moldi.

"Mimi nilipie kosa lenu?"

Moldi alikuja nayo yeye. Sikumkumbusha, jua lilikuwa limeshazama. Akachukua vifuniko kumi vya kwenda kujaribu, akavihesabu mara mbili.

Kesho anarudi, kasema saa tatu na robo.