Bia ya Moto: Nilivyoonja Allagash na Kuzipa Alama

Watu watatu, wote wanywaji wazoefu, waliniambia bia nzuri ni ya baridi mpaka meno yaume. Mmoja, jamaa niliyekuwa nafanya naye kazi ghalani hapa Portland, Maine, alisisitiza kwamba hata glasi iingie friza. Namheshimu kwa mengine, lakini kwa hili alinipotosha.

Mimi ni Mchaga wa Kibosho. Nimekua nikiwaona wazee wakipokea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, wakinusa, wakimeza funda moja, kisha wakitoa hukumu: hii imekaa vizuri, hii msesewe (lile gome chungu la kutia ukali) umezidi, hii ilikuwa ya jana. Kwa hiyo jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, aliponiambia tuanze kuonja bia za Allagash na kuziandikia alama, nilijiona jaji tayari. Kiwanda kiko Industrial Way, si mbali na kwetu. Kilianzishwa na Rob Tod mwaka 1995, na bia ya kwanza ilikuwa White, ya ngano, ya mtindo wa Kibelgiji, yenye ukungu. Enzi hizo Wamarekani wengi walizoea bia unayoweza kuona vidole vyako upande wa pili wa glasi, kwa hiyo hii waliikodolea macho. Mimi ukungu haukunitisha. Mtu aliyekunywa mbege hawezi kuogopa bia kwa sababu haioneshi vidole.

Basi Jumamosi moja nikanunua chupa nne: White, Tripel (bia kali ya mtindo wa Kibelgiji), Curieux, na moja ndogo yenye kizibo cha koki iitwayo Coolship Resurgam. Zilikula dola hamsini na kitu, au sitini. Risiti mke wangu aliiona kabla yangu, tusiliongelee. Tatu nikazitupa friza, ile ya koki nikaisahau mezani. Nikakaa kuangalia dabi ya Simba na Yanga kwenye simu.

Unajua dabi. Baada ya mechi kuna uchambuzi, baada ya uchambuzi kuna kubishana na shemeji kwa sauti za WhatsApp. Nilipokumbuka, White ilikuwa imesukuma kizibo na kumwagikia samaki wa wiki nzima, povu limeganda juu ya sato kama theluji ya Kibo. Tripel nusu barafu. Curieux ilikuwa uji. Nikasema hakuna kutupa. Tukazikoroga, tukanywa, tukatoa alama kwa uso mkavu: saba, saba, saba na nusu. Jirani akauliza hiyo nusu imetoka wapi. Sikuwa na jibu, maana ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Sato tulimla, na kusema kweli alikuwa na kaharufu kazuri ka giligilani.

Hako kaharufu ndiko kalikonifungua akili. White hutiwa giligilani na ganda la chungwa. Samaki alikuwa ameonja bia vizuri kuliko mimi.

Mara ya pili sikugandisha, lakini nilikosea mpangilio. Nilianza na Curieux kwa sababu ndiyo iliyoniuma mfukoni. Curieux ni Tripel iliyolazwa kwenye mapipa ya mwaloni yaliyowahi kuhifadhi wiski ya bourbon, halafu ikachanganywa na Tripel mbichi. Kilevi chake ni kama asilimia 10. Ukimaliza hiyo ukaingia White ya asilimia 5.2, utaapa umepewa maji ya kusuuzia chungwa. Na ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, kwa kujiamini kabisa. Isitoshe tulikuwa na mishkaki ya pilipili pembeni. Siku hizi ni mkate mkavu na maji, na tunapanda kutoka nyepesi kwenda nzito. Mishkaki inakuja baada ya kalamu kufungwa.

Sasa ujanja wangu, ambao sijaona mtu mwingine akiufanya na ninaudai kuwa wangu. Nilichukua vikombe vitano vya kahawa. Cha kwanza nikaweka giligilani kavu iliyopondwa, cha pili ganda la chungwa, cha tatu karafuu mbili tatu, cha nne ndizi iliyoiva mpaka imeanza madoa, cha tano nazi iliyokunwa na tone la vanila. Unanusa bia, unanusa kikombe, unarudi kwenye bia. Kile ambacho pua ilikuwa inakijua ila ulimi hauna jina lake kinajitaja chenyewe. Vyote vilikuwa jikoni. Wenzetu wananunua vichupa maalumu vya harufu kwa bei ya kununulia mbuzi.

Kwenye Tripel jirani alirudi kikombe cha ndizi mara tatu. Akaniangalia.

"Ndugu, hii iko na harufu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Walitia ndizi ngapi mule?"

Hawakutia hata moja. Ni hamira. Hamira za Kibelgiji zikichachua kwenye joto la kutosha huzaa zenyewe harufu ya ndizi, na nyingine huzaa ya karafuu. Kwetu tunapika ndizi na kuongeza ulezi ili tupate mbege. Wao wana shayiri na ngano, na mdudu asiyeonekana anawaletea mgomba. Jirani akatikisa kichwa. "Wabelgiji walitutawala myaka yote ile, wakatuachia bia ya Primus. Hii muzuri wakajifichia kwao!" Tukacheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Na yeye ndiye aliyeniaibisha. Nilikuwa nimeanza kutumia karatasi ya majaji wa bia wa Marekani, ile ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, na 10 za jumla. Ona mwonekano ni alama tatu tu, kwa hiyo ukungu usikukoseshe usingizi. Nikamwomba mama Neema, ambaye hanywi zaidi ya soda ya tangawizi, animiminie kwa siri akiwa jikoni, glasi zimeandikwa namba chini. Glasi za mvinyo, zile zenye tumbo na mdomo mwembamba, si mabilauri. Nikaonja. Namba moja nikaipa 29 na kuandika: "Nyepesi, haina la kusema, pengine ya kiwanda kikubwa." Namba nne nikaipa 42: "Chungwa, giligilani, ngano laini kama maziwa. Hii ndiyo kazi."

Zote mbili zilikuwa White. Chupa moja, siku moja. Ya kwanza alinimiminia ikitoka friji, ya mwisho ilikuwa imekaa karibu na jiko wakati anapika ugali. Karatasi ile ameibandika kwenye mlango wa friji na kila mgeni anaisomewa.

Ndipo nikamkumbuka babu. Baa za kwetu mhudumu huuliza, "Ya moto au ya baridi?", na babu siku zote alisema ya moto, yaani ya kutoka kreti moja kwa moja. Sisi vijana tulimwona mshamba. Sasa White naitoa friji dakika kumi kabla, Tripel na Curieux karibu nusu saa. Baridi ya Curieux ikipungua ndipo nazi na vanila zinapotoka. Ikiwa ya baridi kali ni pombe kali tu. Niliipa 44, na Tripel 40, ina kitu kama pasheni na asali mwishoni. Huyo jamaa wa ghalani bado anaweka glasi friza.

Resurgam ni habari nyingine. Maji ya kimea ya moto humwagwa kwenye beseni kubwa pana lisilo na kina, ndilo liitwalo coolship, madirisha yanaachwa wazi usiku wa baridi, na hamira za mwituni zinaingia zenyewe na hewa. Kisha mapipani, mwaka mmoja hadi mitatu, na mapipa ya umri tofauti yanachanganywa. Allagash walijenga beseni lao mwaka 2007. Jina ni Kilatini, "nitainuka tena", ndiyo kaulimbiu ya mji huu wa Portland, ulioungua vibaya mwaka 1866. Funda la kwanza nilikunja uso: ni mbege ya siku ya tatu! Nikaipa 24. Chupa ya pili 33. Ya tatu niliinywa na sato wa kukaanga na ndimu, nikaipa 43, na jirani akaniambia nina hukumu kama ya mwamuzi aliyehongwa.

Desemba nilipokwenda nyumbani nilibeba Curieux mbili ndani ya sanduku, nimezifunga kwa vitenge na taulo. Baba mdogo alitazama chupa, akauliza ni ya moto au baridi. Nikamwambia ya moto. Akafurahi. Akakataa glasi yangu ya mvinyo niliyoibeba kutoka Marekani, akaagiza kata. Akanusa, akameza, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Tamu," akasema. "Lakini hao watu msesewe hawana?"

Nikamweleza habari za hopsi, maua machungu yanayofanya kazi ya msesewe kwenye bia. Akanyoosha kata aongezwe.