Kuhama Mwanza: pesa inaishia mlimani

Jumapili, mwisho wa mwezi

Mwezi ukiisha, barabara ya Buzuruga kwenda Igoma hujaa kirikuu zilizobeba vitanda, ndoo na mabeseni. Nikiziona nawaza jambo lilelile: huyu amebishana na dereva kwa elfu tano mpaka jasho limemtoka, na pesa yake kubwa ilishatoka kwingine, siku alipoikubali nyumba. Usafiri ndio gharama inayoonekana kwa macho, ndiyo maana tunaupigania. Haya ya leo ni kwa anayetafuta nyumba sasa hivi, ambaye bado hajatoa shilingi.

Tuanze na kodi, kwa kifupi. Chukua chumba na sebule cha 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka miezi 6 ni 600,000, na dalali akichukua kodi ya mwezi mmoja inafika 700,000 kabla hujabeba hata kijiko. Ukikubaliwa miezi 3, inakuwa 400,000. Ile 300,000 utailipa tu baadaye, lakini inabaki mkononi katika mwezi ambao kila kitu kinakudai. Nyumba iliyokaa tupu muda mrefu ndiyo rahisi kuombea miezi 3, kwa hiyo uliza mpangaji wa mwisho aliondoka lini. Pesa ya dalali ndiyo inayookoleka kweli. Uchague mtaa kwanza, kisha uzunguke kwa miguu na kuuliza wenye genge, mafundi cherehani na mama lishe. Wao wanajua nani anahama kabla dalali hajanusa habari. Kama ni lazima upite kwa dalali, mkubaliane mapema kwamba ile pesa ya kuonyeshwa inahusu nyumba zote za siku hiyo.

Sasa mlima, maana Mwanza ndipo hapo. Mabatini, Igogo, Isamilo na upande wa Bugando kuna nyumba zilizojengwa juu kabisa kwenye mawe. Kodi yake ni nafuu, upepo ni safi na ziwa unaliona lote. Sina neno baya na nyumba hizo. Ila gari linaishia chini, na guta au mkokoteni hauwezi ngazi za mawe. Kuanzia pale mzigo unapanda mabegani, na vijana wa kubeba wanatoza kwa safari. Friji, sofa na kabati la milango mitatu kila kimoja kina bei yake peke yake, kwa sababu kinataka watu wanne na kinapumzishwa kila kona. Kabla ya kulipa kodi, tembea kutoka gari linapoishia hadi mlangoni huku ukiangalia saa. Dakika 3 zinavumilika. Zikifika 10, gharama ya kupandisha inaweza kuizidi ya gari. Watafute vijana wa mtaa huohuo siku moja kabla, waonyeshe picha za vitu vyote, mpatane bei ya mzigo mzima. Wanayajua yale mawe, wanajua pa kupitisha kabati na pa kulisimamisha. Ukingoja hadi gari limeshapaki, dereva anapiga honi na wingu limeshika juu ya ziwa, hapo bei ni yao na utalipa.

Na mlima haukutozi siku moja tu. Maji yanahitaji msukumo ili yapande, na kila mita 10 za mwinuko zinapunguza msukumo kwa karibu baa 1. Wakati wa mgao walio chini wanajaza kwanza, na walio juu wanapata usiku au hawapati. Familia ya watu wanne ikitumia ndoo 8 za lita 20 kwa siku, ni ndoo 240 kwa mwezi. Ndoo ikifikishwa mlangoni kwa 200, tayari ni 48,000. Kwa hiyo nyumba ya juu iliyo nafuu kwa 40,000 ni ghali kuliko ile ya chini uliyoikataa. Usimuulize mwenye nyumba kuhusu maji, muulize jirani: yanatoka siku zipi, saa ngapi, na kwa nguvu gani. Tanki la lita 1,000 lina ndoo 50, yaani siku 6 za familia hiyo. Kama maji hayakatiki zaidi ya siku 6 mfululizo na tanki lipo, nyumba ya juu inarudi kuwa na maana.

Bili ya maji nayo iangaliwe. Omba kuona bili ya mwisho ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, usiridhike na maneno. Siku ya kukabidhiwa funguo, piga picha ya mita namba zake zikisomeka, umtumie mwenye nyumba palepale kwa simu ili tarehe ibaki. Deni la mpangaji aliyetangulia likiwa kwenye akaunti, maji yatakatwa ukiwa ndani wewe.

LUKU ina kipimo chake kizuri. Nunua umeme wa 5,000 kwa mita ya nyumba hiyo kabla hujahamia. Ukipata karibu uniti 40, mita iko kwenye kundi la matumizi madogo, la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukipata kama 14, uko kwenye bei ya kawaida. Ununuzi wa kwanza wa mwezi huwa pungufu, kwa sababu tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo. Basi jaribu kwa ununuzi wa pili, au soma risiti mstari kwa mstari uone na deni kama lipo. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, ingawa inatoka kwenye pesa ya anayenunua umeme. Omba ipunguzwe kwenye kodi ya nyumba. Mita ya kuchangia ichunguzwe zaidi: kaya tatu kwenye mita moja zinavuka uniti 75 kwa urahisi, na hapo hata mwenye taa mbili na chaji ya simu analipa bei ya juu.

Kufunga vitu hakutaki manunuzi. Maboksi ya duka la dawa ni imara na madogo, yanafaa vyombo na vitabu. Viroba vya kilo 50 vinafaa nguo. Trei za mayai zinashika glasi. Sahani zisimamishwe ubavuni ndani ya boksi, kanga katikati, kwa sababu zikilala bapa, ile ya chini inabeba uzito wa zote kila gari likiruka shimo. Bolti za kitanda ziingie kwenye mfuko, na mfuko ugundishwe kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani. Godoro la 5 kwa 6 halilali bapa kwenye kirikuu bodi za pembeni zikiwa zimefungwa, kwa hiyo lisimame ubavuni na televisheni ikae kati yake na nguo.

Kabla hujapakia, panda kwenye gari unuse. Kirikuu nyingi za Kirumba asubuhi zinatoka soko la samaki la Mwaloni na dagaa, na maji ya samaki yanaganda kwenye kona za bodi. Godoro na sofa zinafyonza harufu hiyo, na kuiondoa ni kazi ya wiki. Ndoo mbili za maji ya sabuni na turubai chini zinatosha.

Friji isafiri imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa hupanda kwenye mabomba, na ukiiwasha mapema kompresa inaweza kuungua. Ikisafiri imesimama, ipe saa 3 au 4. Ikilazwa, iache mpaka kesho yake. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, regileta itolewe, nao usimame.

Anayetoka Sengerema au Geita ana unafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025. Lori halingoji tena foleni ya kivuko, kwa hiyo usikubali bei yenye siku ya kusubiri ndani yake.

Nyumba mpya isinunuliwe vitu wiki ya kwanza, isipokuwa kitasa. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi, upate cha saizi ileile, fundi asichimbe mlango upya. Mapazia yangoje vipimo vya madirisha. Karibu na ziwa, kama Bwiru na Igombe, nyavu za madirisha zitangulie mapazia, maana wadudu wa ziwa wakija kwa wingi wanafuata taa hadi kitandani. Nyavu, kitasa na rangi vinabaki kwenye nyumba ukiondoka, kwa hiyo jambo hili lizungumzwe kabla ya kulipa: ni kiasi gani kitakatwa kwenye kodi, na kuanzia mwezi upi. Liandikwe kwenye mkataba wenyewe, risiti ziambatanishwe, msaini nyote wawili mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na nakala moja ubaki nayo wewe.