Alhamisi ya Karanga: Siku Moja na Akina Mama Wanaoandika Malezi

Saa 10 alfajiri

Ujumbe mwingi wa wasomaji wa jukwaa letu la malezi mtandaoni huingia usiku wa manane, kwa kuwa mama anayenyonyesha hupata nafasi ya kushika simu wakati nyumba nzima imelala. Alfajiri hiyo ya Alhamisi niliukuta wa mama mmoja wa Mbagala mwenye mtoto wa miezi mitano. Mama mkwe wake alishikilia kwamba kilio cha mtoto ni cha njaa na kwamba aanzishiwe uji wa lishe mara moja, naye aliomba tumwelekeze namna ya kumjibu mzee huyo bila kumvunjia heshima.

Sikumjibu papo hapo. Tumewekeana sharti kwamba swali lolote linalogusa afya ya mtoto lipite kwanza kwa mwenzetu aliye muuguzi, hata pale jibu linapoonekana dhahiri. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, na hilo hata mimi ninalijua. Lakini mtoto anayelia kupita kawaida anaweza kuwa na tatizo lisilohusiana kabisa na njaa, na mimi nilisomea uhasibu.

Mama Pacha, mwandishi mwenzetu aliyewasili jana yake kutoka Tanga na kulala kwangu, alikuwa ameshaoga na kuchemsha chai, na alikuwa akimweleza mama yangu, ambaye angebaki na mwanangu siku nzima, mambo ambayo mama yangu alikuwa akiyafanya kabla sisi sote hatujazaliwa. Mama alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akatuambia tuondoke tusije tukachelewa treni ya Morogoro.

Saa 12 asubuhi

Kwa barabara, Dar es Salaam na Morogoro zimetengana kwa takriban kilomita 190 kupitia Chalinze, na basi linaweza kutumia saa nne au zaidi, hasa foleni ya Kibaha inapokuwa nzito. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili mwezi Juni 2024, hutumia chini ya saa mbili. Kwa mama mwenye mtoto mdogo tofauti hiyo ndiyo huamua kama safari ipo au haipo, kwa sababu anayeweza kurudi siku hiyo hiyo hahitaji kumtafutia mtoto mahali pa kulala, wala kujieleza kwa ukoo mzima kwa nini analala mji wa watu.

Muuguzi alitukuta stesheni akiwa ametoka zamu ya usiku, akaketi dirishani na kusinzia kabla hatujafika Pugu. Mama Pacha naye alianza kumsimulia abiria wa mbele yetu jinsi tulivyojuana, hadithi ambayo huibadilisha kila anapoisimulia, kwa hiyo afadhali niiandike hapa kama ilivyokuwa. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu nchini kujisajili na kulipia leseni ya shilingi 1,000,000, mbali na ada ya maombi. Wakati huo kila mmoja wetu alikuwa na blogu yake ndogo isiyoingiza hata fedha ya vocha: mimi niliandika juu ya mtoto asiyelala, Mama Pacha juu ya kulea wawili kwa mkupuo, na muuguzi juu ya yale ambayo akina mama huona haya kuyauliza kliniki. Tulifahamiana kwa maoni tuliyoachiana chini ya makala tu. Wengi wa rika letu walinyamaza, wengine wakahamia kwenye makundi ya WhatsApp. Sisi tukaamua kuchanga na kuwa na jukwaa moja. Tulionana uso kwa uso kwa mara ya kwanza benki, kwenye foleni ya kulipia leseni hiyo. Hivyo urafiki wetu ulianza na mchango pamoja na risiti, mapenzi yakafuata baadaye, na nadhani ndiyo sababu mpaka leo tunaweza kuambiana ukweli kuhusu kazi bila mtu kununa zaidi ya siku moja.

Safari yenyewe ilihusu unga wa lishe. Hakuna jambo tunaloulizwa mara nyingi zaidi ya hilo, na hakuna lenye mapishi mengi yanayosambazwa bila kuhojiwa: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, maharage na ufuta, vyote vikisagwa pamoja kana kwamba wingi wa majina ndio wingi wa virutubisho. Kinachotutia hofu ni sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu unaoshambulia hasa mahindi na karanga zisizokauka vizuri au zilizohifadhiwa penye unyevu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Anayeila kidogo kidogo kwa muda mrefu hujiweka katika hatari ya saratani ya ini, na watafiti wameihusisha pia na udumavu wa watoto. Mtoto anayekula uji wa aina moja kila siku hana njia ya kuikwepa ikiwa imo katika unga wake.

Saa 2 asubuhi

Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya mji, na hapo ndipo alipotupokea mwenzetu wa nne, fundi cherehani, ambaye mimi sikuwa nimewahi kumwona. Alijiunga nasi baada ya kutuandikia juu ya mtoto aliyempoteza, maandishi marefu yasiyo na aya, ambayo muuguzi alikataa tuyahariri hata nukta. Tulimjua kwa msiba wake kabla ya kumjua kwa sura, na njiani nilikuwa nikijiuliza ni salamu gani inayomfaa mtu wa namna hiyo. Yeye alitutazama mikononi, akasema vikapu vyetu ni vidogo mno kwa watu waliofuata soko la Morogoro, akatusukumiza ndani ya bajaji.

Saa 3 asubuhi

Soko Kuu la Chifu Kingalu hupokea mazao ya miteremko ya Uluguru, na mtu wa Dar es Salaam akiona ndizi, magimbi na karoti zilivyopangwa pale husahau kilichomleta. Fundi cherehani hakuturuhusu kusahau. Alitupeleka moja kwa moja kwa bibi mmoja muuza karanga, tukamwamkia, naye akatukubalia tukae pembeni ya meza yake mradi tusimzuilie wateja.

Kwa karibu saa mbili tulimtazama akichambua. Ungo ulikuwa mapajani, na vidole vyake vilitoa karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu, kwa kasi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuifikia tulipojaribu. Alisema karanga mbovu hujulikana pia kwa uchungu: ukitafuna moja ikakupa uchungu, itemee mbali, na chunguza upya zilizobaki. Muuguzi aliongeza kwamba kuchambua hupunguza sumu lakini hakuimalizi, na kwamba kukaanga au kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi, jambo ambalo bibi hakulipenda, kwani alikuwa amezoea kuwaambia wateja kwamba moto huua kila kitu. Walibishana kwa adabu. Bibi alimwita muuguzi mwanangu mara nyingi kuliko kawaida, na kila mara ilikuwa wazi kwamba hajakubali.

Jambo kubwa la asubuhi hiyo lilitokea pale Mama Pacha alipouliza karanga zilizotolewa kwenye ungo hupelekwa wapi. Bibi alijibu bila kuficha kwamba nazo zina wateja wake, wanaozinunua kwa bei ya chini ili wakasage, maana karanga ikishakuwa unga au siagi hakuna awezaye kuona ilikuwaje. Tulitazamana. Tulikuwa tumekwenda kutafuta namna ya kuchambua, tukapata sababu ya kumshauri mama anunue karanga nzima na aichambue kwa mikono yake, hata kama ile iliyosagwa tayari humpunguzia kazi.

Kabla hatujaondoka, alipita mama kijana aliyembeba mtoto kwa kanga, na Mama Pacha akainua simu ili apige picha. Fundi cherehani aliushusha mkono wake. Hatuchapishi sura za watoto, wa kwetu wala wa wenzetu, na tulikuwa na msimamo huo hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtoto hawezi kukubali wala kukataa, na picha ikishatoka haimrudii mwenyewe. Tulipiga picha ya mikono ya bibi na ungo wake, kwa ruhusa yake, naye akadai kwanza avue saa kwa sababu ilikuwa imesimama.

Saa 7 mchana

Tulipita kwenye mashine ya kusaga, lakini kelele zake hazikuruhusu mazungumzo ya maana, tukaenda kula wali kwa maharage na mchicha katika mgahawa ulio jirani.

Muuguzi alitumia muda huo kumwandikia mama wa Mbagala. Alimuuliza mtoto analowesha nepi ngapi kwa siku, uzito wake unapanda vipi kwenye kadi ya kliniki, na kama ana homa au anatapika. Kisha akamshauri amwalike mama mkwe kwenda naye kliniki na kumwomba amshikie kadi hiyo, ili maneno ya mtaalamu yamfikie mzee moja kwa moja badala ya kupitia kinywa cha mkwe. Mimi ningeandika aya nne za takwimu. Yeye aliona kwamba mzee aliyeshirikishwa ni rahisi kumgeuza kuliko mzee aliyekosolewa.

Simu yangu ikaita. Alikuwa wakala wa kampuni inayouza maziwa ya kopo, akitaka tuandike juu ya bidhaa ya watoto waliovuka mwaka mmoja, na kiasi alichotaja kilimfanya Mama Pacha aache kutafuna. Niliomba kumjibu kwa maandishi, ingawa jibu lenyewe halikuhitaji kikao. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vyakula mbadala vya maziwa ya mama zilitungwa kwa ajili ya matangazo ya namna hii, na Tanzania ina kanuni zake za kuyadhibiti. Mama Pacha alisema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba fedha hiyo ingelipa nauli zetu za mwaka mzima, kisha akaendelea kula.

Saa 9 alasiri

Uandishi ulifanyika chumbani kwa fundi cherehani, katikati ya magauni ya harusi ambayo hayajamaliziwa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Mama Pacha alitaka sentensi ya kwanza iseme kwamba mtoto mdogo asipewe uji wenye karanga. Hoja yake ilikuwa kwamba mama aliyechoka hufuata agizo fupi, na kwamba ushauri wenye masharti mengi huishia kutofuatwa kabisa. Muuguzi alikataa katakata. Kwa nyumba isiyomudu nyama wala maziwa, alisema, karanga ni mafuta na protini ambavyo havina mbadala wa bei hiyo, na ukimtisha mama akaiacha, utakuwa umemkinga mtoto na hatari moja kwa kumtia katika nyingine. Alitukumbusha utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, ulioonyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kwamba Iringa, mkoa unaojulikana kwa kuvuna chakula kingi, idadi hiyo ilivuka nusu ya watoto. Kwa hiyo tatizo haliishii kwenye ghala lililojaa. Linahusu pia kile kinachofika kwenye bakuli la mtoto.

Sauti zilipanda mpaka jirani akachungulia. Aliyemaliza mjadala ni fundi cherehani, ambaye alichukua simu, akasoma sentensi ya Mama Pacha kwa sauti, polepole, kisha akasema kwamba shangazi yake wa Matombo akiisoma ataitoa karanga na hataweka kitu kingine, kwa sababu hana kitu kingine. Mama Pacha aliifuta mwenyewe.

Tulichokiandika badala yake kilikuwa kirefu zaidi. Unga uwe wa nafaka moja au mbili, ikiwezekana ulezi au mtama, ambao huathiriwa kidogo kuliko mahindi. Karanga isichanganywe kwenye unga wa kukaa wiki nyingi, kwani mafuta yake huuchachisha. Ichambuliwe, ikaangwe, isagwe kidogo kidogo nyumbani na itiwe wakati wa kupika. Siku nyingine uji uongezwe maziwa, yai au dagaa waliosagwa, ili mtoto asitegemee kitu kimoja. Mavuno yaanikwe juu ya turubai, yasianikwe ardhini. Muuguzi alisoma kila mstari akitafuta neno linaloweza kueleweka vibaya, akayakuta matatu.

Saa 3 usiku

Tuliichapisha makala baada ya kurudi Dar es Salaam, watoto wakiwa wamelala na mama yangu akiwa ametoa taarifa yake ya siku, iliyokuwa fupi na isiyo na shukrani kwa maelekezo ya alfajiri. Nilimwandikia wakala wa maziwa kukataa kwetu, nikaingiza kwenye daftari nauli za treni, shilingi 13,000 kwa kila mtu kwa kila upande.

Maoni ya kwanza yalitoka kwa baba mmoja wa Kondoa. Alisema kwao mahindi huanikwa uani juu ya udongo kwa sababu turubai ni ghali, na akauliza kama mkeka wa ukindu au magunia yaliyoshonwa pamoja yanaweza kufaa badala yake. Mama Pacha alikuwa ameshaanza kuandika kwamba yanafaa. Muuguzi akamwomba asubiri, kwa kuwa gunia lililowahi kubeba mahindi mabovu linaweza kurudisha ukungu kwenye mahindi mazuri, na kuhusu mkeka alitaka kwanza kumuuliza afisa ugani. Fundi cherehani, ambaye kushona magunia ni kazi ya dakika chache kwake, aliahidi kupita sokoni asubuhi kuulizia bei ya turubai na ya magunia mapya. Tulimwambia baba huyo kwamba atapata jibu kamili Jumamosi, pamoja na bei.