Siku moja maishani mwangu: Likasi anasikia, Kolwezi hasikii

Saa 1:20 asubuhi. Niko ndani ya taksi-basi kutoka Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, mjini bado hatujafika, simu inalia. Ni mama wa mapokezi wa tawi letu la Kolwezi. "Papa, yule kijana wa Likasi ananidharau. Anapiga, napokea, ananyamaza. Mara nne tangu jana jioni! Nimeshamwambia shefu."

Saa 2. Ofisini Lubumbashi. Kampuni yetu ni ya malori, mimi ni fundi wake wa mtandao, na seva ya simu za mezani, kompyuta inayoziunganisha, iko hapa, chini ya ngazi, pamoja na betri zake. Matawi matatu yameunganishwa kwa tuneli, njia zetu binafsi ndani ya intaneti, kila moja na mwenzake. Nampigia kijana wa Likasi, tunasikilizana vizuri. Nampigia mama wa Kolwezi, vizuri pia. Basi nawaomba wapigiane, huku mimi niko nao kwenye simu mbili za mkononi, kila moja sikio lake. Likasi anasikia kila neno. Kolwezi hasikii hata pumzi.

"Yaya, kaka yangu, nilikuwa namjibu," kijana ananiambia, na sauti yake inatetemeka. "Yeye ndiye alikuwa anakata."

Simu hizi zina safari mbili. Kengele, kupokea na kukata hupitia kwenye seva, kwa lugha ya SIP. Sauti husafiri kwa lugha nyingine, RTP, na kwetu seva hujitoa katikati simu ikishapokelewa, ili Likasi na Kolwezi warushiane sauti moja kwa moja. Kwa hiyo simu kulia si ushahidi kwamba sauti ina njia. Na sauti yenyewe ni mikondo miwili, wa kwenda na wa kurudi. Mmoja hufa, wa pili ukaendelea kama kawaida.

Saa 3. Kijana anapiga namba ya mwangwi ya seva na kujisikia mwenyewe. Simu yake ni nzima. Najaribu pingi, ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?" unaongoja jibu: kutoka Kolwezi kwenda Likasi, kimya. Kutoka Likasi kwenda Kolwezi, kimya. Mwenzangu anasema tuneli imekufa. Ingekuwa imekufa, Likasi asingesikia kitu! Pingi inahitaji kwenda na kurudi, ndiyo maana upande mmoja ukikatika inanyamaza kote kote.

Saa 4. Nanasa paketi, vile vipande vidogo vinavyobeba sauti, kwenye ruta zote mbili, mashine zinazoelekeza kila paketi njia yake. Kolwezi zinatoka 50 kila sekunde, yaani moja kila milisekunde 20, na hakuna hata moja inayoingia. Likasi, zile za Kolwezi zinafika salama, na simu ya kijana inatoa 50 zake vilevile. Nafuata zinakoelekea. Hazipiti kwenye tuneli. Zinatoka nje, kwenye intaneti ya kawaida, zikiwa na anwani ya simu ya Kolwezi, 192.168.40.21, mgongoni. Anwani za 192.168 zilitengwa mwaka 1994 kwa mitandao ya ndani; huko nje hakuna anayejua pa kuzipeleka. Tangu jana kijana alikuwa anaongea, na maneno yake yanamwagwa barabarani.

Kosa ni langu. Radi iliunguza ruta ya Likasi jana mchana, nikaiandaa nyingine kutoka nakala ya zamani ya mipangilio, ya kabla ya tawi la Kolwezi kufunguliwa. Tuneli ya Kolwezi niliiongeza kwa mkono. Mstari unaosema "mtandao wa Kolwezi pitia hapa" nikausahau.

Saa 5. Mwenzangu anapendekeza tuiache seva ibaki katikati, sauti zote zizungukie Lubumbashi. Ni kweli, zingesikika dakika hiyohiyo, na najua mafundi wanaoishia hapo. Sikubali. Kila simu ingekula laini yetu kilobiti 160 hivi kwa sekunde kuingia na nyingine kama hizo kutoka, na faili za mizani ya malori ambazo Likasi hutuma Kolwezi zingeendelea kupotea bila mtu kujua sababu.

Naandika mstari. Nawaomba wapigiane tena, wahesabu moja hadi kumi kwa zamu. Kijana anafika saba, mama anamkatiza.

"Nakusikia, mwanangu. Nakusikia. Unisamehe."

"Hapana neno, mama."

Saa 7. Bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, haraka.

Saa 8. Napanda kwa shefu. Juu ya meza yake iko barua ya kumdai kijana maelezo kwa utovu wa heshima, imekwisha kuchapwa, bado sahihi tu. Namwekea pembeni karatasi yenye saa za zile simu nne na paketi zilivyopotea, na ninamwambia aliyesahau ni nani. Anasoma polepole, kisha anaichana barua.

Alasiri nzima nachukua nakala mpya za ruta zote tatu, kila moja na tarehe yake.

Saa 11 jioni. Kijana anapiga kwa simu ya mezani. Lori la mwisho limepita Likasi, anasema, na Kolwezi wameandika namba yake bila kumwambia arudie.