Corona imepita ila mwili haujarudi: kabla hujamkanda mgonjwa wako

Huku kwetu Kigoma mtu akisema mwili unauma dawa ya kwanza ni mikono, maji ya moto yanabandikwa, taulo, mafuta ya mise (ya kokwa za mchikichi), unalazwa unakandwa mpaka jasho likutoke. Sina ugomvi na hilo, nimekua nalo. Ila kuna kitu nataka niwaambie mnaouguza mtu aliyepona corona lakini mpaka leo sio yule mnayemjua, maana wapo wengi na watu wanawaita wavivu, na inaniuma sana.

Mama yangu mdogo anauza dagaa Kibirizi. Homa iliisha, vipimo safi, ila pumzi fupi, shingo na mabega yamekaza, akifua nguo kidogo tu kesho yake hainuki. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 walishaieleza hali hii, wengine wanaiita long COVID: dalili zinakuwepo miezi 3 tangu uugue, zinadumu angalau miezi 2 na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Kwahiyo sio uvivu na wala hajarogwa.

Bibi mmoja wa mtaani akamkanda kwa nguvu zake zote, kwa nia njema kabisa, jioni ile mama mdogo akajisikia mwepesi, kulivyokucha hata kikombe kushika shida. Ndo ugonjwa huu ulivyo, mwili ukielemewa hausemi palepale, unasubiri masaa au kesho yake ndo unakuangusha.

Baadae tukampata kijana wa fizio, wale wanaotibu kwa mazoezi na mikono. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, nikande hapa mabegani." Hakukanda. Alimwambia aweke mkono mmoja kifuani mwingine tumboni, apumue kawaida, aangalie upi unapanda. Ukapanda wa kifuani, wa tumboni umetulia tuli. Akatueleza kwamba mtu aliyebanwa na pumzi muda mrefu anazoea kupumua kwa juu, misuli ya shingo inabeba kazi ya diaframu, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, sasa utaikanda shingo mpaka lini kama kila pumzi inaikaza upya? Akamlaza ubavu, mto kichwani na mwingine katikati ya magoti, akawa anambonyeza bega polepole huku anamwambia vuta kwa pua, toa kwa mdomo kama unapuliza chai. Dakika chache akaacha.

"Mbona umeacha mwanangu, ndo nilikuwa naanza kusikia raha."

"Mama, kesho uniambie umeamkaje, ndo nijue niongeze au nipunguze."

Jamani, swali hilo ndo la kumuuliza mgonjwa, la kesho yake, sio raha ya saa ileile. Manchester kule Uingereza kuna mtaalamu anaitwa Raymond Perrin, miaka mingi anatibu watu wa uchovu sugu kwa mikono, ushahidi wa njia yake bado ni mdogo na mi siwezi kumwambia mtu mikono inaponya corona. Inalegeza, inarudisha pumzi chini, mtu anapata usingizi. Kwa aliyeteseka hivo sio kitu kidogo.

Na tafadhali, kigimbi kikivimba mguu mmoja, kina joto, kinauma, usikiguse na mafuta yako. Corona inaweza kugandisha damu, na bonge likichomoka linaweza kwenda mapafuni. Hapo ni hospitali, tena siku hiyohiyo.