Picha ya mto iliyokatwa pembezoni

Baba alizaliwa Muthurwa, kwenye landi, yaani nyumba za safu, za wafanyakazi wa reli, na tangu tukiwa wadogo hutuambia kwamba wao waliogelea Mto Nairobi. Sisi tumeujua mto huo ukiwa mweusi, ukinuka hadi Gikomba, kwa hiyo tulikuwa tunamcheka. Mwaka huu nikaamua kumtafutia ile sehemu.

Picha za angani za wakati wa mkoloni zipo. Ndege ziliruka mstari kwa mstari ili ramani zichorwe, kila picha ikirudia kama asilimia 60 ya iliyotangulia. Nililipia nakala moja kwenye ofisi ya ramani. Kuifungua nyumbani, nikashika kichwa: aliyeitoa aliikata pembezoni, na pembezoni ndiko huandikwa tarehe na saa. Ningerudi, ningeambiwa "njoo Alhamisi". Nikasema nitapambana nayo hivyo hivyo.

Mwaka niliukisia kwa maji. Lile bwawa la Mto Ngong kando ya Kibera, ambalo kila mtu huliita Nairobi Dam, lilijengwa 1953. Kwenye picha yangu kona ile ilikuwa bonde tupu. Lakini Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulikuwepo tayari, nyumba zimeuzunguka ukumbi wake. Basi ni hapo katikati.

Kilichonitoa jasho ni mto wenyewe. Kila nilipoiweka picha kaskazini juu, kama ramani, mto ulipanda ukawa tuta refu, na magodauni ya Industrial Area yakawa mashimo yaliyopangwa safu. Nilidhani wameichapisha kinyume. Siku mbili nzima naikodolea macho! Mwishowe nikatazama vivuli. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta; kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupitia kusini, vivuli vikalala kaskazini. Jicho nalo limezoea mwanga utokao juu, kwa hiyo vivuli vikielekea juu linadanganyika, bonde likawa kilima. Nikaipindua, kusini juu. Papo hapo mto ukazama mahali pake na mapaa yakainuka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Baadaye niliiskani na kuilaza juu ya ramani ya leo kwa QGIS, programu ya bure ya ramani. Mara ya kwanza nilitumia makutano ya barabara kama alama za kulinganisha picha na ramani, picha ikajikunja kama kanga iliyokamuliwa, kwa sababu barabara zetu zimepanuliwa na kusogezwa. Mara ya pili nikashika ukumbi wa Kaloleni na zile kona za reli ndogo zinazochepuka kuingia kwenye magodauni. Reli haihamishwi kama kibanda. Ikatulia. Sentimita moja ilikuwa karibu mita 300, maana yake landi nzima ya babu ni kamstari kembamba kuliko unywele wa mswaki.

Nikachapisha kipande cha Muthurwa kikubwa, nikakipeleka nyumbani Jumapili. Nilikuwa nimeshaizungushia nyumba yetu kalamu nyekundu, kwa majivuno.

Baba alivaa miwani, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaomba njiti ya kiberiti.

"Hiki ni choo cha jumla," akasema, ncha ya njiti ikiwa juu ya kidoa nilichodhani ni uchafu wa skana. "Ukitoka hapo, moja, mbili, tatu. Hii ndiyo yetu. Hiyo uliyoweka wekundu ni ya kina Otieno."

"Na mlipokuwa mnaogelea, Baba?"

Njiti ikaondoka polepole, ikavuka Barabara ya Landhies, ikafika kwenye kona ya mto ambapo mchanga ulionekana mweupe.

"Mama yangu hakuwahi kujua," akasema. "Kwa hiyo punguza sauti."